Tarizi Isiyokunjamana: Jinsi ya Kuchagua na Kutumia Stabilaiza

Nembo ya shule, jina la hoteli au darizi ya kanzu yaweza kutoka kwenye mashine ikiwa safi, kisha ikakunjamana baada ya kufuliwa mara moja tu. Mteja humlaumu fundi. Fundi naye hulaumu mashine, uzi au kitambaa. Mara nyingi chanzo kiko upande wa ndani wa nguo, ambako wengi hawaangalii: kile kipande cheupe kinachowekwa chini ya kitambaa kabla ya kutarizi. Wengine hukiita karatasi ya embroidari, wengine stifna, na wengine hukichanganya na vilini ya kola. Jina lake la kiufundi ni stabilaiza.

Katika Kaunti ya Mombasa, tarizi ya mashine ni kazi ya kila siku. Shule zinahitaji nembo kwenye sare, hoteli zinahitaji majina kwenye taulo na aproni, timu za mtaani zinahitaji jezi, na wateja wa kanzu, dera na buibui wanahitaji nakshi. Mara nyingi nguo hizo huletwa na mteja mwenyewe. Zikiharibika, fundi hulipa. Oda ya tisheti 60 ikirudishwa, faida ya mwezi mzima inaweza kwenda nayo, pamoja na jina la fundi.

Makala haya yanaeleza stabilaiza hufanya kazi gani, ni aina zipi zilizopo, na namna ya kuchagua inayofaa kwa kila kitambaa. Maelezo yanamfaa mwenye mashine ya kompyuta na pia anayetarizi kwa cherehani na duara la mkono.

KAZI YA STABILAIZA

Mashine ya kutarizi hushona kwa kasi. Mashine nyingi za kompyuta hupiga kati ya mishono 600 na 1,000 kwa dakika. Nembo ndogo ya kifuani yenye upana wa sentimita 8 au 9 huwa na mishono ipatayo 5,000 hadi 8,000, kutegemea jinsi ilivyojazwa.

Kila mshono hufanya mambo mawili. Kwanza, huvuta kitambaa kuelekea ndani kwa kufuata uelekeo wa uzi. Pili, husukuma kitambaa kidogo upande mwingine. Mshono mmoja hauonyeshi tofauti yoyote, lakini elfu sita kwa pamoja zina nguvu ya kugeuza duara likawa umbo la yai, na kufanya herufi zipishane na mistari yake ya pembeni.

Kitambaa peke yake hakiwezi kuhimili mvuto huo. Stabilaiza ndiyo hubeba mzigo. Ni kama mbao zinazoshikilia zege: zikiwa dhaifu, zege hupinda hata kama saruji ni nzuri.

Vilini ya kola ni kitu tofauti. Vilini imetengenezwa ili kuipa nguo umbo na ugumu kiasi, na baadhi yake huvutika pamoja na kitambaa. Stabilaiza imetengenezwa ili isivutike wakati sindano inapiga. Ndiyo maana fundi anayetumia vilini ya kola chini ya nembo hupata kola nzuri na nembo mbaya.

AINA TATU KUU

Stabilaiza hutofautishwa kwa namna inavyoondolewa baada ya kazi.

1. Ya kukata. Hii haichaniki kwa mkono. Baada ya kutarizi, fundi hukata ziada kwa mkasi na kuacha ukingo wa kama nusu sentimita hadi sentimita moja kuzunguka mchoro. Sehemu iliyo chini ya mishono hubaki humo maisha yote ya nguo. Huendelea kushikilia mishono nguo inapovaliwa, inapofuliwa na inapoanikwa. Iko nene ya gramu 80 hadi 100 kwa mita mraba, na iko nyembamba laini kama chandarua, ya gramu 40 hadi 50, ambayo haionekani kwa urahisi kupitia kitambaa chepesi.

2. Ya kuchana. Hii huchanika kama karatasi. Kazi ikiisha, fundi hushikilia mishono kwa kidole gumba na kuchana ziada polepole kwa mkono mwingine. Ni ya haraka na huacha upande wa ndani ukiwa safi. Lakini ikishachanwa, msaada wake hupungua, na kila nguo inapofuliwa nyuzi zake hulegea zaidi. Inafaa pale tu ambapo kitambaa chenyewe ni imara.

3. Ya kuyeyuka kwa maji. Hii hutoweka ikiloweshwa. Ina sura mbili. Moja ni nyembamba na angavu kama plastiki, na huwekwa juu ya kitambaa ili mishono isizame. Nyingine ni nyeupe na hufanana na kitambaa chepesi. Huwekwa chini ya vitambaa vinavyoangaza kama shifoni na ogani, au hutumika kutengeneza lesi inayosimama peke yake.

Ipo pia aina inayoondolewa kwa joto la pasi, kwa vitambaa visivyopaswa kuguswa na maji. Matumizi yake ni machache, na haifai kwa kitambaa ambacho chenyewe hakivumilii pasi ya moto.

Kila aina inaweza kuja ikiwa tupu, ikiwa na gundi ya kupiga pasi, au ikiwa na gundi ya kubandika inayofunikwa kwa karatasi. Gundi haibadilishi aina. Husaidia tu kitambaa kisiteleze.

KANUNI YA KUKUMBUKA

Kosa linaloonekana zaidi ni kuchagua stabilaiza kwa kuangalia kilichobaki dukani au kilicho rahisi kuondoa. Uamuzi unapaswa kuanzia kwenye kitambaa. Kanuni fupi ni hii:

Kikivutika, kata.
Kikiwa imara, chana.
Kikiangaza, yeyusha.
Kikiwa na manyoya, ongeza ya kuyeyuka juu.

Jaribio lake ni la sekunde chache. Fundi ashike kitambaa kwa mikono miwili na kukivuta kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa mshazari. Kikivutika kwa urefu au kwa upana, hata kidogo, kihesabiwe kuwa kinavutika. Tisheti, polo, sweta na jezi za michezo ziko kundi hili. Kaki, drili, turubai na jinzi zisizo na mpira ziko kundi la vitambaa imara.

Mtu anaweza kuuliza: kama ya kukata ni salama zaidi, kwa nini isitumike kwa kila kitu? Jibu ni kwamba huacha kipande ndani ya nguo. Kwenye taulo kipande hicho huonekana, kwenye shifoni huonekana kama kiraka, na kwenye kofia hakina faida. Lakini fundi akiwa na shaka kati ya kukata na kuchana, achague ya kukata. Kipande kilichobaki ndani hakirudishi oda. Nembo iliyokunjamana huirudisha.

KAZI ZA KAWAIDA NA STABILAIZA ZAKE

Polo na tisheti za shule au kampuni. Tumia ya kukata. Kwa nembo ndogo yenye herufi chache, ile laini kama chandarua inatosha. Kwa nembo iliyojazwa kote, tumia ya gramu 80 hivi, au vipande viwili vya chandarua vilivyopishanishwa ili nyuzi za kimoja zikate uelekeo wa kingine. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, namba 75/11, kwa sababu husukuma nyuzi za kitambaa kando badala ya kuzikata. Matundu madogo yanayoonekana kuzunguka nembo baada ya kufua hutokana mara nyingi na sindano kali iliyokata nyuzi.

Sweta. Ya kukata chini, na ile angavu ya kuyeyuka juu. Bila ya juu, herufi huzama kati ya nyuzi za sufi na jina la shule halisomeki.

Shati la kaki, aproni ya drili na mfuko wa turubai. Ya kuchana inatosha. Nembo ikiwa nzito, tumia vipande viwili vyembamba badala ya kimoja kinene, na uvichane kimoja baada ya kingine. Sindano ya ncha kali 75/11 inafaa; kwa turubai nzito, 90/14.

Taulo za hoteli. Upande wa nyuma wa taulo huonekana, kwa hivyo ya kukata haipendezi. Weka ya kuchana au ya kuyeyuka chini, na ile angavu juu ili vitanzi vya taulo visichomoze kati ya mishono. Kwa kuwa hoteli nyingi hufua kwa maji ya moto na dawa ya kung'arisha, uzi wa poliesta hustahimili kuliko uzi wa rayoni.

Chepeo. Tumia ya kuchana iliyo nene, na ifunike upana wote wa fremu ya kofia. Mchoro upangwe kuanzia katikati kuelekea pembeni, na kutoka chini kwenda juu, ili kitambaa kisisukumwe na kutengeneza uvimbe katikati ya paji.

Kanzu nyeupe. Poplini ya kanzu ni nyepesi na shingo hugusa ngozi. Ya kuchana huacha vipande vinavyokwaruza na kuonekana kupitia kitambaa. Tumia ile laini ya kukata kama chandarua, au ya kuyeyuka iliyo kama kitambaa, kutegemea uzito wa darizi. Darizi nzito ya kifua inahitaji chandarua. Mstari mwembamba wa shingo unaweza kusimama kwa ya kuyeyuka.

Buibui na dera. Vitambaa hivi huteleza. Tumia stabilaiza laini yenye gundi hafifu, au bandika kwa gundi ya kupuliza. Kwa buibui jeusi, nunua stabilaiza nyeusi. Nyeupe huchungulia kwenye ukingo wa nakshi kila kitambaa kinapopeperuka.

Nguo za watoto wachanga. Baada ya kukata ziada, funika upande wa ndani kwa kitambaa laini cha kupiga pasi ili mishono isimkwaruze mtoto.

MAGAZETI, MIFUKO YA SARUJI NA PLASTIKI

Baadhi ya mafundi hutumia gazeti, karatasi ya fotokopi, manila au karatasi ya mfuko wa saruji ili kupunguza gharama. Nia inaeleweka, lakini hesabu yake haisimami.

Karatasi ya kawaida hukatika mara sindano inapoitoboa kwa mfululizo. Inaposhona nusu ya nembo, karatasi tayari imeachana na kitambaa hakina tena kinachokishikilia. Vumbi lake huingia kwenye kibweta cha bobini na kufanya uzi ukatike. Wino wa gazeti huchafua kitambaa cheupe. Mfuko wa saruji huwa na chembe ngumu zinazofanya sindano iwe butu na kukwaruza vyuma vya mashine.

Plastiki ya kawaida, ambayo wengine huiweka juu ya taulo badala ya ile ya kuyeyuka, haitoki kwa maji. Hubaki chini ya mishono na huyeyuka pasi inapopita, ikiacha doa gumu. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 28, 2017, kwa hivyo fundi hapaswi kuwa anaitafuta.

KUFUNGA KWENYE FREMU

Stabilaiza nzuri iliyofungwa vibaya haina msaada. Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio.

Kwanza, chagua fremu ndogo kabisa inayotosha mchoro. Fremu kubwa huacha nafasi ya kitambaa kucheza.

Pili, kata stabilaiza ipite ukingo wa fremu kwa angalau sentimita 2.5 kila upande. Kipande kidogo kilichowekwa chini ya mchoro tu, bila kubanwa na fremu wala kubandikwa, hakishikilii chochote.

Tatu, piga pasi kitambaa kabla ya kukifunga. Mkunjo uliofungwa ndani ya fremu hushonwa pamoja na nembo.

Nne, weka alama ya katikati kwa chaki au kalamu inayofutika, kisha panga nyuzi za kitambaa zinyooke na fremu.

Tano, legeza skrubu ya fremu kabla, weka stabilaiza chini na kitambaa juu, bana, kisha kaza. Stabilaiza ikaze hadi ilie kama ngoma ndogo ikipigwa kidole. Kitambaa kilale juu yake kikiwa kimenyooka, lakini kisivutwe.

Hapa ndipo tisheti nyingi huharibikia. Fundi hufunga, kisha huona kitambaa kimelegea na kukivuta pembeni kikaze. Mashine inashona juu ya kitambaa kilichonyooshwa. Fremu ikifunguliwa, kitambaa hurudi kwenye hali yake ya asili, lakini mishono hairudi. Mikunjo huzunguka nembo kama miale, na hakuna pasi itakayoiondoa. Kikiwa kimelegea, kifunguliwe na kufungwa upya.

Kwa vitambaa vinavyoshika alama ya fremu, kama mahameli, na kwa sehemu zisizoingia kwenye fremu, kama kola na pembe za mfuko, fremu ifungwe stabilaiza ya gundi peke yake. Karatasi ya juu ichanwe ndani ya fremu, na nguo ibandikwe juu yake.

Gundi ya kupuliza itumiwe penye hewa ya kutosha, mbali na mashine na moto, na ipulizwe kidogo kwenye stabilaiza wala si kwenye nguo. Gundi nyingi hunata kwenye sindano na kukata uzi.

ZOEZI LA KUJARIBU

Njia ya uhakika ya kujifunza ni kuona tofauti kwa macho. Zoezi hili linahitaji kitambaa cha tisheti kuukuu na saa moja.

Kata vipande vinne vinavyolingana. Chora au weka kwenye mashine duara lililojazwa, la sentimita 5. Tarizi duara hilohilo kwenye kila kipande: la kwanza bila stabilaiza, la pili kwa karatasi ya kawaida, la tatu kwa stabilaiza ya kuchana, na la nne kwa ya kukata. Usibadilishe kitu kingine chochote, si uzi, si kasi, si kukaza kwa uzi.

Pima kila duara kwa rula, kwa urefu na kwa upana, na uandike. Kisha fua vipande vyote kwa sabuni, anika, piga pasi na upime tena.

Kipande cha kwanza na cha pili vitaonyesha kasoro kabla hata ya kufuliwa. Kipande cha tatu ndicho chenye somo kubwa. Kikitoka kwenye mashine kinaweza kuonekana sawa kabisa na cha nne, na hapo ndipo fundi wengi hushawishika kwamba ya kuchana inatosha kwa tisheti. Baada ya kufua, tofauti hujitokeza. Mteja huiona nyumbani kwake, wakati fundi ameshapokea malipo na hayupo kujieleza.

Vipande hivyo vihifadhiwe kwenye daftari, vikiandikwa aina ya kitambaa, stabilaiza, sindano na idadi ya mishono. Baada ya miezi michache fundi atakuwa na kitabu chake cha rejea. Mteja anayeshangaa kwa nini bei iko juu kidogo anaweza kuonyeshwa vipande viwili na kuamua mwenyewe.

KUTAMBUA CHANZO CHA KASORO

Si kila kasoro hutokana na stabilaiza. Kabla ya kubadilisha roli, angalia dalili.

Mikunjo inayozunguka nembo kama miale: kitambaa kilivutwa kwenye fremu, au stabilaiza ni nyepesi mno kwa idadi ya mishono.

Mstari wa pembeni umeachana na rangi ya ndani: kitambaa kiliteleza. Bandika kwa gundi, au tumia fremu ndogo zaidi.

Nembo ngumu kama ubao: stabilaiza ni nyingi mno, au mishono imebanana. Kwa uzi wa kawaida wa namba 40, nafasi ya takriban milimita 0.4 kati ya mistari ya kujaza hutosha. Mchoro uliojazwa kupita kiasi hauokolewi na stabilaiza yoyote. Faili yake irekebishwe.

Uzi wa bobini unaonekana juu: ukazaji wa uzi hauko sawa. Geuza kazi na uangalie upande wa nyuma wa herufi pana. Uzi wa bobini unapaswa kuchukua theluthi ya katikati, na uzi wa juu theluthi moja kila upande.

Mishono imezama: kitambaa kina manyoya na kilikosa ile ya kuyeyuka juu.

Kitambaa kigumu baada ya kuyeyusha: mabaki yamo. Suuza tena kwa maji mengi ya vuguvugu. Usipige pasi kabla mabaki hayajatoka.

KUNUNUA NA KUHIFADHI

Dukani, roli nyeupe zote hufanana, na nyingine huuzwa kwa mita bila lebo. Fundi aombe kipande kidogo na kukijaribu papo hapo. Akivute pande zote mbili: nzuri haivutiki. Akichane: kikichanika vizuri upande mmoja na kugoma upande mwingine, ajue kina uelekeo, na vipande viwili vipishanishwe. Akishike mbele ya mwanga: mabaka mazito na mepesi yanaashiria kwamba haitashikilia sawasawa. Akidondoshee tone la maji: kikilainika na kunata, hicho ni cha kuyeyuka.

Hewa ya Pwani ina unyevu, na stabilaiza ya kuyeyuka hunyonya unyevu huo. Ikiachwa wazi hulegea, hunata na hatimaye haifai tena. Ihifadhiwe ndani ya chombo kinachofungwa vizuri, mbali na dirisha, na itolewe kiasi cha kazi ya siku. Vipande vidogo visitupwe: vinaweza kuyeyushwa kwenye maji kidogo na maji hayo kupakwa kwenye kitambaa chepesi ili kukifanya kigumu kwa muda. Roli za kukata na kuchana ziwekwe mahali pakavu, na kila moja iandikwe aina yake, kwani zikishatolewa kwenye mfuko ni rahisi kuzichanganya.

HESABU YA GHARAMA

Wengi huepuka stabilaiza kwa sababu bei ya roli huonekana kubwa kwa mkupuo mmoja. Gharama halisi ni ya kipande, na hupatikana kwa hesabu rahisi.

Chukua mfano wa roli yenye upana wa sentimita 100 na urefu wa mita 50. Nembo ya kifuani inahitaji kipande cha sentimita 20 kwa 20. Upana wa roli hutoa vipande 5, na urefu wake hutoa mistari 250. Jumla ni vipande 1,250. Kama roli hiyo imenunuliwa kwa Sh5,000, kila kipande kimegharimu Sh4.

Sasa linganisha na polo ya mteja yenye thamani ya Sh600. Ikiharibika moja tu na fundi akailipa, fedha hizo zingenunua vipande 150. Bei hizi ni za mfano. Kila fundi aweke bei za duka lake na aone jibu. Kipande hicho kiandikwe kwenye hesabu ya kila oda, pamoja na uzi, sindano na umeme, badala ya kuhesabiwa kama hasara.

Vikundi ambavyo haviwezi kununua roli nzima vinaweza kuchanga na kugawana. Vikundi vitatu vikinunua roli moja moja ya kila aina kuu, kila kimoja kinapata zote tatu kwa gharama ya roli moja hivi, na hakuna atakayelazimika kutumia ya kuchana kwenye tisheti eti kwa sababu ndiyo iliyopo.

MAFUNZO NA ZABUNI

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Wakazi wanaotaka kujifunza ushonaji na utarizi wanashauriwa kuulizia kozi zilizopo katika chuo cha ufundi kilicho karibu nao, au katika ofisi ya wadi yao.

Kwa waliokwisha kuiva, sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka angalau asilimia 30 ya thamani ya zabuni za umma itengewe biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kupitia mpango wa AGPO. Sare na nguo za kazi ni miongoni mwa bidhaa ambazo taasisi za umma hununua. Kikundi kinachotaka kushindana kijisajili, kipate cheti cha AGPO, na kifuatilie matangazo ya zabuni.

Anayeomba kazi hiyo huweza kutakiwa kuwasilisha sampuli. Sampuli iliyofuliwa mara tano na nembo yake bado imenyooka humwambia mnunuzi zaidi ya maelezo ya kurasa nyingi. Kabla ya kuipeleka, fundi aigeuze ndani nje na kuiangalia nyuma. Kama stabilaiza imekatwa kwa usafi, mishono imelala na hakuna mkunjo, nguo hiyo iko tayari kwenda.